Haidrojeli na Dawa Zinazotoka Polepole: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa famasia, wauguzi, wagonjwa na wenzangu wa maabara. Mengi huulizwa kwa maneno yaleyale, ndiyo maana nimeamua kuyaandikia majibu mahali pamoja. Yanaanza na yale ya msingi na kwenda yanakozidi kuwa magumu. Aliyekuja hapa kwa sababu ameona kidonge chake kizima chooni aruke moja kwa moja hadi swali la 14.

## Mwanzo kabisa

1. Haidrojeli ni nini hasa?

Ni wavu wa polima uliojaa maji. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo, na hapa minyororo mingi imefungwa pamoja kwa vifundo hapa na pale. Maji yakiingia, minyororo hutanuka lakini haiachani. Bila vifundo ungepata kimiminika kizito tu, na kila ukiongeza maji kingezidi kuwa chepesi mpaka kipotee. Vifundo vikiwepo, kipande hubaki kipande: kina umbo, ukikibonyeza kinabonyea, ukikiachia kinarudi.

Sehemu kubwa ya kipande hicho ni maji. Haidrojeli nyingi za tiba zina maji kati ya asilimia 70 na 99 ya uzito wake, na ndiyo maana ukizishika unahisi ulaini unaokaribia ule wa nyama ya mwili. Lenzi laini za macho ni haidrojeli. Chembe zinazonyonya mkojo ndani ya nepi ni haidrojeli pia.

Naomba msomaji aishike picha ya wavu. Karibu kila jibu linalofuata linarudi kwenye macho ya wavu huo.

2. Je, ni sawa na jeli ya kupaka inayouzwa duka la dawa?

Wakati mwingine. Jeli nyingi za kupaka ni polima zilizovimba kwa maji bila vifundo vya kudumu, na zimetengenezwa zipakike na zikauke. Zinabeba dawa lakini haziishiki kwa muda mrefu. Hapa tunazungumzia jeli ambayo kazi yake ni kuamua dawa itoke lini na kwa kasi gani.

3. Kwa nini kuhangaika? Si dawa imezwe tu?

Dawa nyingi zinamezwa na zinafanya kazi vizuri, na pale inapowezekana, kidonge cha kawaida ndicho chaguo langu pia. Shida huanza pale dawa inapopanda kwenye damu kwa kasi, ikapita kiwango kinachotosha, halafu ikashuka chini ya kiwango kinachoponya kabla dozi inayofuata haijafika. Juu kuna madhara, chini hakuna tiba, na mgonjwa anapanda na kushuka kati ya hapo kutwa nzima. Dawa inayotoka polepole hulainisha mawimbi hayo.

Sababu ya pili ni mahali. Jicho lililofanyiwa upasuaji linahitaji dawa jichoni, siyo mwili mzima. Uvimbe ulio ndani ya figo unahitaji dawa iguse pale ulipo na ikae. Sababu ya tatu ni protini: homoni na kingamwili ukizimeza, tumbo linazisaga kama chakula. Jeli yenye maji mengi ni mahali pa upole pa kuzihifadhia.

4. Ni teknolojia mpya?

Hapana. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walichapisha kazi yao kuhusu jeli zinazopenda maji kwa matumizi ya mwilini. Mwishoni mwa mwaka uliofuata Wichterle alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake Prague, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa kuchezea watoto. Watu waliomwona akifanya hivyo walikuwa wanatazama mwanzo wa fani nzima. Matumizi ya jeli kubeba dawa yalifuata baadaye, hatua kwa hatua.

## Dawa hutokaje

5. Kitu gani kinazuia dawa isitoke yote kwa mara moja?

Ukubwa wa macho ya wavu ukilinganishwa na ukubwa wa dawa. Macho ya haidrojeli nyingi yana upana wa nanomita 5 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli ya dawa ya kawaida ya kumeza ina upana wa kama nanomita moja; kingamwili ina kama 10.

Sasa fikiria samaki na nyavu. Dagaa akiwa ndani ya wavu wa samaki wakubwa, wavu haumhusu kabisa: anapita kana kwamba haupo. Samaki anayekaribia upana wa jicho anahangaika, anagonga nyuzi, anachelewa. Aliyezidi jicho hatoki mpaka wavu utanuke au ukatike. Haya ndiyo mambo matatu yanayotokea kwenye jeli: dawa ndogo hutoka kwa kutawanyika kama majini, dawa ya wastani hucheleweshwa, na dawa kubwa hungoja jeli ivimbe au ivunjike. Mtengenezaji akiongeza vifundo, macho hupungua. Akichagua vifundo vinavyokatika baada ya wiki tatu, amechagua na siku ya kufungua mlango.

6. Basi dawa zenye molekuli ndogo hazifai kwenye haidrojeli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi aliyelifikia ameelewa. Dawa nyingi duniani ni ndogo, na wavu peke yake hauwezi kuzishika. Maji yaliyoifanya jeli iwe rafiki wa mwili ndiyo njia ya dawa kutoroka. Ukiona mtu anadai kuwa jeli tupu yenye maji asilimia 95 inashikilia dawa ndogo inayoyeyuka vizuri kwa mwezi mzima, muulize kitu gani kingine kimo ndani.

Kitu hicho kingine kipo cha namna nyingi. Kwanza, dawa isiyopenda maji inaweza kuwekwa kama chembe ngumu: kila chembe huyeyuka kidogo kidogo, na kinachoamua kasi ni kuyeyuka, siyo wavu. Pili, dawa inaweza kuvutwa na nyuzi zenyewe; dawa yenye chaji chanya hung'ang'ania polima yenye chaji hasi. Tatu, inaweza kufungwa kwenye mnyororo kwa kifungo cha kikemia kinachokatwa taratibu na maji au kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayokata molekuli nyingine. Nne, inaweza kutiwa kwanza ndani ya vijichembe vya polima nyingine isiyopitisha maji ovyo, kisha vijichembe hivyo vikasambazwa ndani ya jeli. Hapo jeli inakuwa nyumba, na kufuli liko kwenye vijichembe.

Njia ya tano ni kuanza na polima kavu. Hii ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuliko zote, nayo imeelezwa kwenye swali la 14.

7. "Mmwago wa mwanzo" ni nini?

Ni ile dawa nyingi inayotoka saa za kwanza kabla utoaji haujatulia. Hutokana na dawa iliyo juu ya uso wa jeli au karibu nao: haina umbali wa kusafiri. Kwa dawa ya maumivu baada ya upasuaji, mmwago mdogo unaweza kuwa baraka, kwa sababu maumivu ya kwanza ndiyo makali. Kwa dawa ambayo dozi inayoponya imekaribiana na ile inayodhuru, ni hatari. Hupunguzwa kwa kuosha uso wa jeli kabla ya matumizi, kwa kuifunika kwa tabaka jingine, au kwa kuishikilia dawa kwa njia za swali la 6.

8. Unene wa kipande una maana yoyote?

Una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Muda wa kutawanyika hukua kwa mraba wa umbali: ukiongeza unene mara mbili, muda huongezeka mara nne. Tuhesabu. Dawa ndogo inayotembea karibu kwa uhuru kama majini huhitaji takriban nusu saa kuvuka milimita moja. Milimita mbili, zaidi kidogo ya saa mbili. Sentimita moja, zaidi ya siku mbili. Protini ya ukubwa wa albumini, ile ya kwenye damu, huhitaji karibu saa tano kwa milimita moja.

Kwa hiyo shanga za jeli zenye upana wa nusu milimita na kipande cha sentimita moja, vikitoka kwenye chungu kimoja na dawa ileile, ni dawa mbili tofauti kwa mgonjwa. Anayeandika ripoti bila kutaja vipimo vya kipande ameacha nusu ya habari.

9. Jeli "zenye akili" zinajuaje wakati wa kutoa dawa?

Hazijui kitu, zinaitikia. Polima yenye vikundi vya asidi hubaki imejikunja kwenye tumbo lenye asidi kali, kisha ikifika kwenye utumbo, ambako asidi imepungua, vikundi hivyo hupata chaji hasi, vinasukumana, na wavu unafunguka. Kitosani hufanya kinyume: huvimba kwenye asidi.

Nyingine huitikia joto. Poloksama 407 katika mkusanyiko wa kama asilimia 20 ni kimiminika kwenye jokofu na jeli kwenye joto la mwili. Ipo pia polima maarufu ya maabara, polinaisopropilakrilamidi, ambayo kwenye maji ya nyuzi joto 32 hivi hujikunja ghafla na kutema maji. Ukiitazama kwenye bomba la kioo, kimiminika kilichokuwa angavu kinageuka cheupe kama maziwa ndani ya sekunde chache, na ukikipoza kinarudi kuwa angavu. Nimeona watu wazima wakirudia jaribio hilo mara tano bila kuchoka. Uzuri wake wa kutazama haujaifanya bado iwe dawa.

## Vifaa na utengenezaji

10. Zinatengenezwa kwa vitu gani?

Vya asili: alijineti kutoka mwani wa kahawia, kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa, jelatini, kolajeni, asidi ya hayaluroniki iliyomo hata kwenye viungo vyetu. Vya kutengenezwa: polietilini glikoli, ambayo wote huiita PEG, polivinili alkoholi, na jamaa za polima ya Wichterle.

Vya asili mwili huvielewa, lakini mzigo wa mwezi huu haufanani kikamilifu na wa mwezi uliopita, na kwa dawa hilo linaumiza kichwa. Vya kutengenezwa unavipata kwa kipimo unachotaka, ila seli hazioni chochote cha kushika juu yake. Mimi nikiulizwa niamue kwa ajili ya dawa inayokwenda kwa wagonjwa, huegemea kwenye kile kinachoweza kurudiwa bila kubadilika.

Vifundo navyo ni vya aina mbili. Vya kikemia ni imara na hudumu. Vya kifizikia, kama kalsiamu inavyoshikamanisha minyororo ya alijineti, hufungika bila kemikali kali, lakini hufunguka pia kirahisi. Tazama swali la 12.

11. Dawa inaingizwaje ndani?

Kuna njia mbili. Unaweza kuichanganya na polima kabla vifundo havijafungwa, au ukailoweka jeli iliyo tayari ndani ya maji ya dawa mpaka iingie. Ya kwanza huingiza dawa nyingi na kwa kipimo unachokijua. Tatizo ni kwamba dawa inakuwepo wakati wa kufunga vifundo, na kemikali au mwanga unaotumika unaweza kuiharibu, hasa protini. Ya pili ni ya upole, lakini kumbuka: mlango ulioingilia dawa ndio itakaotokea. Kilichoingia kwa saa mbili kwa kulowekwa mara nyingi hutoka kwa muda unaokaribiana na huo.

12. Shanga zangu za alijineti zimeyeyuka kwenye bafa ya fosfati. Nimekosea wapi?

Hukukosea kutengeneza, umekosea kuchagua bafa, yaani maji ya kupimia yaliyotiwa chumvi za kushikilia kiwango cha asidi. Hebu tutazame inavyotokea. Unadondosha maji ya alijineti ya asilimia 2 kwenye maji ya kalsiamu kloridi. Tone linapozama, ngozi nyembamba inalizunguka papo hapo. Ukilitoa mapema na kulibonyeza linapasuka na katikati kuna kimiminika bado. Ukiliacha dakika kadhaa, kalsiamu inaingia mpaka ndani na shanga inakuwa ngumu yote.

Kalsiamu hiyo ndiyo kifundo. Fosfati inaipenda kalsiamu sana, inaichomoa, na utaona maji yanakuwa na ukungu mweupe huku shanga zikilegea. Sitreti hufanya hivyohivyo. Hata chumvi ya kawaida huibadilisha kalsiamu kwa sodiamu taratibu. Tumia bafa isiyo na fosfati wala sitreti na uweke kalsiamu kidogo inayolingana na ile ya mwilini. Grafu uliyopata kwenye fosfati haikuonyesha dawa ikitawanyika. Ilionyesha wavu ukifumuka.

13. Naweza kupima kuvimba kwa jeli kwenye maji yaliyochujwa?

Unaweza, ila namba hiyo isitumike kutabiri mwilini. Nepi inatufundisha: polima yake hunyonya maji matupu mara mamia ya uzito wake, lakini kwenye maji yenye chumvi kama mkojo inabaki kwenye makumi tu. Chumvi huzima msukumano wa chaji kwenye minyororo, na wavu hautanuki. Pima kwenye maji yenye chumvi na asidi inayofanana na mahali jeli itakapokaa, kwa nyuzi joto 37.

## Mikononi mwa mgonjwa

14. Nimeona kidonge changu kizima chooni. Ina maana dawa haikufanya kazi?

Kwa kawaida dawa imeshatoka, na ulichokiona ni ganda tupu. Swali hili huulizwa sana na watumiaji wa metformini ya kutoka polepole, dawa ya kisukari, na wasiwasi wao naujali, kwa sababu nimekutana na watu waliomeza kidonge cha pili "kufidia". Usifanye hivyo.

Kidonge cha namna hii ni unga mkavu wa polima, mara nyingi haipromelozi, uliokandamizwa pamoja na dawa. Kinapolowa tumboni, uso wake huvimba na kuwa jeli. Ngozi hiyo ya jeli inazuia maji yasifike katikati kwa haraka, na dawa inalazimika kupita ndani yake kwenda nje. Kadiri muda unavyokwenda jeli ya nje inamomonyoka na mpaka kati ya kavu na majimaji unasogea ndani. Hii ndiyo haidrojeli inayotumika zaidi katika tiba, na wengi wanaoimeza hawajawahi kulisikia jina lake.

Ukitaka kuona, mwombe mfamasia akuonyeshe kidonge kama hicho kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Baada ya saa moja kina ukingo unaong'aa, unaoteleza ukiugusa kwa kijiko, na katikati bado kuna kiini cheupe kikavu. Baada ya saa nyingi ni donge laini la rangi ya ukungu. Donge hilo ndilo wakati mwingine hutoka na choo.

Kama pamoja na donge hilo sukari yako imepanda, au unaharisha sana na dawa inapita haraka, mweleze daktari au mfamasia wako. Hapo kuna jambo la kuchunguza.

15. Naweza kukikata, kukitafuna au kukisaga?

Usikisage wala kukitafuna. Ukikisaga umevunja wavu kabla haujaundwa, na dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa muda mfupi. Kukata katikati ni jambo jingine: vidonge vichache vimetengenezwa na mstari wa kukatia na maelekezo yake yanaruhusu. Kisipokuwa na ruhusa hiyo kwenye karatasi ya maelekezo, usikikate. Mgonjwa asiyeweza kumeza, au anayelishwa kwa mpira, aulizie dawa ileile katika umbo jingine. Wauguzi wanaosaga vidonge kwa nia njema, hapa ndipo pa kusimama na kuuliza kwanza.

16. Pombe inaathiri?

Inaweza. Pombe hubadilisha jinsi polima zinavyovimba na jinsi dawa inavyoyeyuka. Mwaka 2005 dawa moja kali ya maumivu iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kuwa pombe huifanya imwage dozi ya saa 24 kwa mara moja. Ile haikuwa haidrojeli, lakini tangu hapo dawa nyingi za kutoka polepole hujaribiwa ndani ya maji yenye pombe pia. Fuata maelekezo ya dawa yako.

17. Mbali na vidonge, kuna dawa za haidrojeli zinazotumika kweli?

Zipo. Cervidil ni kipande bapa cha haidrojeli chenye miligramu 10 za dinoprostoni, huwekwa ukeni kuandaa mlango wa kizazi kabla ya uchungu. Hutoa takriban miligramu 0.3 kwa saa, kwa saa 12, na kina utepe wa kukivutia nje.

Supprelin LA ni kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa mtoto aliyebalehe mapema mno. Kina miligramu 50 za histrelini na hufanya kazi miezi 12. Mtoto aliyekuwa anangoja sindano mara kwa mara anawekewa kijiti kimoja kwa mwaka.

Dextenza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni kijiti cha PEG chenye miligramu 0.4 za deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Huingizwa kwenye kitundu cha machozi kwenye kope ya chini, kikivimba kinajishika, na hutoa dawa hadi siku 30. Kimetiwa rangi inayong'aa kwenye mwanga wa buluu ili daktari aone kama bado kipo.

Jelmyto iliidhinishwa mwaka 2020 kwa saratani ya njia ya juu ya mkojo. Ni mitomaisini ndani ya jeli inayoitikia joto: inaingizwa ikiwa baridi na majimaji, inaganda ndani, kisha mkojo unaimomonyoa kwa saa kadhaa. Dawa hiyo ikiwa ndani ya maji matupu, mkojo ungeisukuma nje mapema mno.

18. Lenzi zangu ni haidrojeli. Naweza kuziloweka kwenye dawa ya macho nizivae?

Hapana. Lenzi ya kawaida itanyonya kiasi usichokijua na kukitoa kwa saa chache, na kihifadhi kilichomo kwenye matone mengi hujikusanya ndani yake na kuumiza jicho. Ipo lenzi iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye ketotifeni kwa mzio wa macho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Ile kipimo chake kimejulikana. Ya kwako haijulikani.

## Usalama

19. Jeli ikimaliza kazi inaenda wapi?

Inategemea nyuzi na vifundo. Jelatini, kolajeni na asidi ya hayaluroniki hukatwa na vimeng'enya vya mwili. Jeli za PEG zenye vifungo vya esta hukatwa na maji yenyewe, na vipande vikiwa vidogo vya kutosha hutoka kwa figo. Alijineti ni tofauti: mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Inalegea kalsiamu inapoondoka, lakini minyororo mirefu huchelewa kutoka. "Ya asili" na "inayoyeyuka mwilini" ni sifa mbili tofauti, na huchanganywa kila siku. Jeli isiyovunjika kabisa, kama kijiti cha histrelini, lazima itolewe.

20. Mwili unaweza kuikataa?

Haukatai kwa namna unavyokataa kiungo cha mtu mwingine, lakini kitu kigeni kikikaa muda mrefu mwili hukizungushia ukuta wa kovu. Ukuta huo nao ni kizuizi ambacho dawa lazima ivuke. Baadhi ya watu pia wana kingamwili dhidi ya PEG. Mabaki ya kemikali za kufungia vifundo mara nyingi huleta shida kuliko polima yenyewe, na kuyaosha vizuri si kazi ya kufanywa haraka.

21. Inatakaswaje isiwe na vijidudu?

Kwa taabu. Mvuke wa nyuzi joto 121 unaweza kuharibu jeli na dawa pamoja. Miale ya gama inakata minyororo au kuongeza vifundo, kwa hiyo jeli inayotoka siyo ile iliyoingia. Kuchuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 kunawezekana tu kabla haijaganda. Jambo hili lifikiriwe siku ya kwanza. Nimewahi kuona kazi nzuri ya miezi mingi ikirudi mwanzo kwa sababu utakaso uliachwa uwe wa mwisho.

22. Nikipata madhara, inaweza kutolewa?

Vipande vyenye umbo, kama vile vya swali la 17 vya ukeni, mkononi na kwenye kitundu cha machozi, vinaweza kutolewa na mtaalamu. Jeli iliyochomwa kama kimiminika na kugandia ndani ya nyama kwa kawaida haitoki. Uliza kabla ya kuwekewa.

## Maswali ya pembeni

23. Jeli ya insulini inayofunguka sukari ikipanda ipo tayari?

Bado haijafika kwa wagonjwa. Wazo ni zuri: kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa asidi, au vikundi vya asidi ya fenilboroniki vinavyoshika sukari, hufanya wavu utanuke na insulini itoke. Ugumu ni kasi na kufunga tena. Jeli inayofunguka kwa kuchelewa, au isiyofunga sukari iliposhuka, inaweza kumwangusha mtu usiku akiwa amelala. Mwenye kisukari asiache insulini yake kwa sababu ya habari za jeli.

24. Maabara ilitoa dawa siku saba, kwenye mnyama siku mbili. Kwa nini?

Kwa sababu chupa haina vimeng'enya, haina misuli inayobana, haina damu inayochukua dawa kila sekunde. Mara nyingi pia maji ya chupa yalikuwa machache, dawa ikajaa ndani yake na kuizuia iliyobaki isitoke. Badilisha maji mara kwa mara, weka kimeng'enya kinachohusika, na kandamiza jeli ikiwa itakaa mahali panapojongea.

25. Nimepata n ya 0.5. Naandika "utawanyiko wa Fick"?

Hapa n ni kipeo cha muda kwenye mlinganyo wa Korsmeyer na Peppas, unaoeleza dawa inavyotoka kadiri muda unavyokwenda, na "utawanyiko wa Fick" ni dawa kutoka kwa kutawanyika tu. Kama kipande chako ni utando mwembamba, ndiyo. Kwa mche wa duara mpaka huo ni 0.45, na kwa tufe 0.43. Mlinganyo huo unafaa tu kwa asilimia 60 za kwanza za dawa iliyotoka; ukiulazimisha kwenye grafu nzima, n inayotoka haina maana. Nayo n haithibitishi chanzo peke yake. Pima pia kama jeli inapungua uzito, maana mmomonyoko na mtawanyiko vikichanganyika vinaweza kukupa namba nzuri ya kupotosha.

26. Mbona tafiti ni nyingi na bidhaa ni chache?

Maswali ya 10, 20 na 21 ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba jeli yenye dawa hupimwa kama dawa, mara nyingine kama kifaa pia, na kila kiungo kipya huongeza miaka ya majaribio. Angalia bidhaa za swali la 17: karibu zote zimebeba dawa iliyokuwa inajulikana tayari, zikaiweka mahali pamoja, kwa muda uliotajwa. Mwanafunzi anayetaka jeli yake imfikie mgonjwa aanze hapo. Jeli inayoitikia vitu vinne kwa pamoja inapendeza kwenye chapisho, lakini sijui nani ataitengeneza mara elfu kumi bila kubadilika.

27. Jeli ya joto imeganda ndani ya sindano kabla sijaichoma. Nifanye nini?

Usilazimishe. Ukisukuma kwa nguvu sindano inaweza kuchomoka na dawa ikakurukia, na kama ni dawa ya saratani hiyo ni ajali. Ikiwa bado iko ndani ya muda wake na maelekezo yanaruhusu, irudishe kwenye baridi mpaka itiririke tena. Jeli ya aina hii hugeuka na kurudi. Chanzo mara nyingi ni kiganja: kushika bomba kwa mkono wote dakika mbili tatu huku mgonjwa akiandaliwa kunatosha. Lishike mwishoni kwa vidole, liache kwenye barafu mpaka katheta, yaani mpira wa kuingizia dawa, iwe tayari mahali pake, na uisukume jeli bila kusita mara tu unapoanza.